Kanisa si la padri peke yake: wakristo warudi katika shirika

Kila Jumapili asubuhi makanisa ya Goma na Bukavu yanajaa. Benchi hazitoshi, wengine wanafuata misa wakiwa wamesimama nje. Lakini katikati ya juma, shirika la mtaa linapoitwa kusali nyumbani kwa mmoja wa wakristo, wanaofika ni wale wale: mama sita au saba, mzee mmoja, na mwenyekiti na daftari lake. Wengine wote wa mtaa huo hawaonekani. Wanajua jina la padri, lakini hawajui jina la jirani waliyekaa naye benchi moja Jumapili.

Kwa wakati huu, jambo hilo si dogo. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mabanki yalifunga milango. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka mji zilivunjwa, na jamaa nyingi zikajikuta tena barabarani. Mshahara haufiki, kazi zimepotea, na ndugu aliyekuwa akisaidia kutoka mji mwingine naye anahangaika. Katika hali hiyo, swali la kwanza kwa mtu mwenye shida ni hili: nani ananijua hapa?

Tuchukue mfano wa mama mjane aliyehamia Ndosho na watoto wake. Akianguka mgonjwa siku ya Jumanne, padri mwenye waumini maelfu hawezi kujua. Mwenyekiti wa shirika anaweza kujua siku hiyo hiyo, kwa sababu anakaa nyumba tatu mbele. Yeye ndiye atakayetuma kijana atafute pikipiki, atakayepitisha kofia ili dawa inunuliwe, atakayemwambia mama mwingine awapikie watoto. Ila atafanya hivyo kama mama huyo anajulikana. Kuna jamaa zinazofika shirika kwa mara ya kwanza siku ya kilio, zikitafuta wa kubeba sanduku na kwaya ya kuimba. Watu wanakuja, kwa sababu huruma haijaisha, lakini wanakuja kama wageni wanaomzika mgeni.

Shirika halikuanzishwa kama chama cha kukusanya michango. Mwaka wa 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo za kikristo zenye uhai, kabla hata ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuanza. Waliona kwamba Kanisa lililotegemea misioni na mapadri wa kigeni halitasimama kama wakristo wenyewe hawalibebi. Miaka ya 1970 iliwapa haki. Utawala wa Mobutu ulizuia vyama vya vijana vya makanisa, ulichukua shule mikononi mwa Serikali, ukafuta hata Noeli katika siku za mapumziko. Sala za nyumbani hazikuzimika. Mwaka wa 1975 Kadinali Joseph Malula aliweka walei, walioitwa bakambi, kuongoza parokia za Kinshasa. Watu waliooa, wenye kazi zao, walikabidhiwa parokia nzima.

Goma yenyewe iliona jambo hilo kwa macho. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kubomoa Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kuta ziliisha. Waliorudi kutoka Gisenyi na Sake walianza upya kwa kutafutana mtaa kwa mtaa, nani yuko wapi, nani amepoteza nini. Kazi ya namna hiyo haifanywi na jengo, wala haifanywi na padri mmoja.

Wanaokaa mbali na shirika wana sababu zao, na sababu hizo zisikilizwe. Wengine wanasema: kule ni pesa tu. Leo mchango wa paa, kesho zawadi ya mgeni wa parokia, kesho kutwa bahasha ya sikukuu. Mtu asiye na franga ya unga anaona haya kukaa mbele ya daftari linalosomwa kwa sauti. Wengine wanakimbia masengenyo. Vijana wanasema wanaitwa kupanga viti na kubeba maji, ila siku ya kuamua hawaulizwi. Akina mama wanajaza mikutano, lakini mara nyingi uongozi unabaki kwa wanaume wachache ambao hawakubali kuachia nafasi.

Malalamiko haya ni ya kweli katika parokia nyingi, na makanisa ya Kiprotestanti yanayajua vilevile katika vikundi vyao vya sala. Lakini kukaa nyumbani hakuyatatui. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza kwamba hata Kanisa la kwanza la Yerusalemu lilikuwa na manung'uniko: wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Walionung'unika hawakuondoka. Walisema, mitume wakasikia, na jumuiya ikachagua watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Kushiriki ni pamoja na kuuliza.

Kwa hiyo mkristo anayeona sadaka haielezwi, afike na aombe hesabu kwa heshima. Kijana anayeona hasikilizwi, aombe kazi yenye jina: uandishi, hesabu, orodha ya wagonjwa wa kutembelewa. Asiye na pesa alete miguu na mikono. Kumchotea maji mzee anayeishi peke yake ni mchango kamili, hata kama daftari halina mstari wa kuuandika.

Viongozi nao wana deni. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi, mapato na matumizi. Majina ya wasiotoa yasitangazwe. Saa ya mkutano ifuate hali ya usalama: mama hawezi kuombwa kurudi nyumbani gizani katika mji ambamo usiku umekuwa wa hatari. Na mgeni anapohamia mtaani, abishiwe hodi katika juma la kwanza, asalimiwe, aulizwe habari za watoto, kabla ya kutajiwa mchango wowote.

Vita vimewatawanya watu wa Masisi, Rutshuru na Kalehe katika mitaa ambako hakuna anayejua baba yao ni nani wala wametoka kijiji gani. Wengi wao wako kanisani kila Jumapili, wamekaa nyuma, na misa ikiisha wanaondoka kimya. Jumapili ijayo watakuwa pale tena. Anayekaa karibu nao anaweza kuanza kwa kuwauliza jina na mtaa wanaokaa, kisha kuwaambia siku na nyumba ambamo shirika litasali juma hilo.