Tusiisingizie Tawakkul Mkataba Ambao Hatukuusoma



Kusi limeingia, na simu zetu zimejaa picha za Salalah kama kila mwaka. Upepo huu huu unaotutikisia minazi Unguja ndio unaopeleka ukungu na manyunyu kule Dhofar. Wenyewe wanauita kharifu, na kuanzia mwisho wa mwezi wa sita mpaka wa tisa milima yao inakuwa ya kijani wakati Maskati watu wanaungua. Wengi wetu tuna jamaa huko, kwa hiyo safari ya harusi inageuka mapumziko, na mapumziko Salalah bila gari si mapumziko, maana Wadi Darbat iko kwake, Mughsail iko kwake, na hakuna daladala ya kukupeleka.

Basi watu wanakodi gari. Na hapo ndipo tunapotaka kugombana leo, tena ugomvi wenyewe tuuanze na sisi wenyewe.

Mwaka mmoja tulikwenda wanawake wanne, na shemegi mmoja wa kuendesha. Bei ya gari tuliiona kwenye simu, ndogo mpaka tukapigiana vigelegele. Tulipofika kaunta kijana akasema bima imo, akatusogezea karatasi, shemegi akasaini, sisi tukatoa kadi. Hakuna aliyeuliza hata neno moja. Siku ya kurudisha gari yule kijana akachutama, akamulika chini ya bampa kwa tochi ya simu, akatuonyesha mkwaruzo wa urefu wa kidole. Ulikuwepo tangu mwanzo? Wallahi mpaka leo hatujui, kwa sababu hatukuangalia. Akaomba karatasi ya polisi. Hatuna. Riali 150 za dhamana zikabaki kwao. Riali ya Omani moja ni kama dola mbili na senti sitini, kwa hiyo hizo ni dola 390, kwa shilingi zetu kama milioni nzima. Hebu hesabuni ni mabuibui mangapi ya kushona hayo.

Na tulipowaeleza watu nyumbani, jibu lilikuwa moja kila mlango: semeni Alhamdulillah, mmesalimika, mali inatafutwa. Ni kweli, na Alhamdulillah tuliisema. Lakini neno hilo limetumika kutunyamazisha. Kila tulipotaka kuuliza tulikosea wapi tuliambiwa tunakosa shukurani. Na shoga mmoja akaongeza kwamba kuulizauliza habari za ajali kabla ya safari ni kuitabiria mabaya, ati ni upungufu wa tawakkul.

Hapana, dada zetu. Sisi hawa hawa tunaosimama Darajani nusu saa kugombea shilingi mia tano ya mita ya kitambaa, tukifika mbele ya gari la mamilioni tunakuwa na haya ghafla? Aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kuhusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mola wetu angetaka tusaini kwa macho yaliyofumbwa, asingetufundisha jambo la maandishi kwa urefu ule. Kutawakali ni baada ya kusoma karatasi. Kabla ya kusoma ni uvivu tu.

Wapo wanaokwepa kwa mlango mwingine, kwamba bima ni haramu kwa hiyo wao hawataki hata kuisikia. Wasiwasi huo una asili yake na hatuudharau. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah Desemba 1985 likasema bima ya kibiashara ina gharar, na likaelekeza watu kwenye bima ya kushirikiana, hii tunayoiita takaful. Omani wamekuwa na sheria ya takaful tangu 2016. Lakini yule anayesema haitaki bima, gari alilolikodi tayari linayo, maana haliruhusiwi barabarani bila ya bima ya watu wengine. Na kile unachouziwa kaunta kwa pesa ya kila siku, mara nyingi si bima hata kidogo. Ni ahadi ya mwenye gari kwamba gari likigongwa hatakudai, au atakudai mpaka kiwango fulani tu. Kamuulize shekhe wako, lakini umwambie ni kitu gani hasa. Ukimuuliza "bima inafaa?" atakujibu habari ya bima, na wewe utakuwa umeuliza lisilokuwepo.

Hicho kiwango ndicho kinachotumaliza. "Bima kubwa imo" maana yake ni kwamba ajali ikitokea kuna fungu la mwanzo unalibeba wewe, na lililobaki wao. Fungu hilo laweza kuwa riali mia, mia mbili, mia tatu. Ndiyo sababu wanaizuia dhamana kwenye kadi yako. Mwenye kadi ya mkopo pesa yake inazuiliwa tu na kuachiwa baadaye, wakishajua hakuna faini ya barabarani. Sisi wengi tuna kadi za kawaida za benki, ambazo pesa inatoka kweli, na kurudi ni wiki kadhaa. Kama ulipanga kununulia zawadi pesa hiyo, imekwisha. Ukitaka fungu lishuke mpaka sifuri unaongeza malipo kwa siku, na hapo ile bei ya kwenye simu uliyoipigia kigelegele inaweza kukaribia mara mbili. Dada zetu walioko Uingereza wana njia nyingine. Kule zinauzwa bima za pembeni za kulipia hilo fungu tu, hata za mwaka mzima, na ni rahisi kuliko kaunta. Ila uelewe kwamba kampuni ya gari utailipa kwanza wewe, ndipo udai kwa risiti na karatasi zako.

Na hata ukilipia mpaka sifuri, soma yale maandishi madogo ya chini. Matairi na rimu kwa kawaida hayamo. Kioo cha mbele, uvungu wa gari, ufunguo uliopotea, mara nyingi havimo. Njia ya changarawe haimo, na huko Dhofar njia nzuri za kupanda kutazama mandhari ndizo hizo za changarawe. Ukivuka mpaka kuingia Imarati bila karatasi ya bima ya huko, huna kitu. Na la mwisho hili tulilione aibu sisi kina mama, kwamba anayeendesha akiwa hakuandikwa kwenye mkataba, bima yote imekufa. Mara ngapi shemegi amechoka akasema "shika wewe kidogo"? Tena kule gari zinakwenda kulia, na kwenye ukungu wa kharifu hata ngamia aliyesimama katikati ya njia humuoni mpaka umfikie.

Polisi nao tusiwaogope. Gari likiguswa, hata kwa kijiwe, usilisogeze mpaka umeuliza, piga simu, pata karatasi yao. Bila karatasi hiyo mafundi na mabima wa kule hawakupokei, na fungu lako linageuka gharama yote.

Sisi mafundi cherehani tunalijua hili kwa mikono. Mteja akileta kitambaa, hutii mkasi kabla ya kukikunjua mbele yake. Ukiona tundu unamwonyesha pale pale, na siku hizi unapiga na picha. Kwani gari lina nini? Lizunguke na kijana wa kaunta akiwa anakuangalia, piga video, chutama umulike chini ya bampa kabla yeye hajakumulikia. Buibui litaingia vumbi, litafuliwa.

Lakini kusema kweli, lawama si yetu peke yetu. Katika fiqhi ya ijara, kitu ulichokodi ni amana mkononi mwako. Kikiharibika bila uzembe wako na bila kuvuka masharti, hulipi wewe, hasara ni ya mwenyewe. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya biashara za Kiislamu, imelisema hili katika kiwango chake cha ijara, namba 9, kwamba bima ya kitu ni juu ya mwenyewe, na akitaka gharama yake irudi aihesabu ndani ya kodi. Maana yake mwenye gari atangaze bei moja iliyokamilika tangu mwanzo, si bei ya mtego kwenye simu na bei nyingine kaunta. Haya yanajulikana vizuri kwenye mabenki ya Ghuba. Kwenye kaunta za magari hatukuyaona.

Na kwetu je? Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kumlipisha kila mgeni wa nje bima ya lazima ya dola 44, na bei hiyo anaijua kabla hajapanda ndege. Ukishatoka uwanjani ukakodi gari la ndugu zetu, unaambiwa habari ya mkwaruzo siku ya kurudisha. Tunaye kaka anayekodisha gari nne. Tulimuuliza kwa nini haandiki fungu hilo kwenye karatasi yake ya mkataba na kumtajia mgeni kwa mdomo. Akacheka, akasema, "Nikitaja, nani atakodi?"

Tukamwambia sisi tungekodi. Bado anafikiri.