Samaki wa Bwawani na Baridi ya Songea

Mwenye bwawa la samaki hapa Songea anaijua taabu ya mwezi Julai. Humwaga pumba asubuhi, na hadi jioni pumba zingali zinaelea. Mama huuliza kama ni ugonjwa. Baba huwaza fedha alizonunulia vifaranga. Mara nyingi si ugonjwa. Ni baridi.

Sisi binadamu hubeba joto letu mwilini, nyuzi 37 hivi za Sentigredi, tuwe Tunduru au Matogoro. Samaki, chura na nyoka hawana tanuri hilo. Miili yao hufuata joto la mahali walipo. Kwa hiyo kila aina imezoeshwa na nchi yake kwa vizazi vingi. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya wapo perege wadogo wanaostahimili maji ya chemchemi yenye nyuzi 40. Lakini wapo samaki wa bahari ya barafu ya Antaktika ambao hufa maji yakifika nyuzi 6 tu, kama walivyoonyesha wataalamu Somero na DeVries mwaka 1967. Maji ambayo kwetu ni baridi kali, kwao ni moto.

Sato tunayemfuga asili yake ni bonde la mto Naili na Afrika Magharibi. Hukua vyema katika nyuzi 27 hadi 30. Maji yakishuka karibu na nyuzi 16, huacha kula. Yakikaribia 10, huweza kufa. Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na vijito vyetu hutoka milimani. Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, iko zaidi ya meta 500 chini yetu, na maji yake yana joto zaidi. Ushauri wa mfugaji wa kule haufai wote huku.

Basi wakati wa kipupwe tupunguze chakula, kwani kisicholiwa huoza na kumaliza hewa iliyomo majini. Tulishe mchana, jua likiwa juu. Tupunguze maji ya kijito yanayoingia, na bwawa liwe na kina cha meta moja au zaidi, lisipoe upesi usiku. Vifaranga tuwapande Septemba, wakue kabla ya Juni.

Sato ni mgeni kutoka nchi ya joto. Tukijua desturi zake, kitoweo hakitakosekana mezani.

Hadi Jumapili ijayo.