Chozi la Mwanafunzi Darasani

Tulipoandika kanuni za madrasa yetu miaka miwili iliyopita, tuliweka kifungu kimoja kifupi: mwalimu asimguse mwanafunzi. Hatukukosa sababu. Wazazi wamesikia habari za walimu waliokhini amana, na kamati ya msikiti isiyojihadhari leo itajuta kesho. Kifungu kilipita bila mjadala.

Mwezi uliopita mvulana wa miaka saba alirudi darasani siku ya nne baada ya mama yake kuzikwa. Alifungua juzuu, akainama, akaanza kulia. Ustadhi alisimama hatua mbili mbele yake, mikono nyuma, asijue la kufanya. Wenzake waliendelea kusoma kwa sauti. Aliponyamaza akaambiwa aendelee pale alipoishia. Baadhi yetu tulikuwa mlangoni tukihesabu ada, nasi hatukuingia.

Hatuna udhuru wa kutojua. Mji huu ulikwisha kuonjeshwa msiba mkubwa tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Tulirudi kutoka makaburi ya Kola, tukasoma khitma, tukachangishana mchele na sukari kwa wafiwa. Watoto wa marehemu nao wakarudi madarasani, na hakuna kikao tulichoketi kuulizana nani atawapokea huko. Tulidhani mtoto akishiba ametulia.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na ndege yule akafa. Mtume (s.a.w.) alipomkuta mtoto ana huzuni alimwita kwa kun-ya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za ndege wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sisi chuoni tuliihifadhi kwa ajili ya mtihani, na tukaitumia zaidi kubishana juu ya hukumu ya kufuga ndege! Riwaya haisemi kuwa mtoto alipewa ndege mwingine, wala kuwa aliambiwa anyamaze. Aliulizwa.

Kifungu chetu hatukukifuta, tumekiandika upya. Mtoto mdogo anaweza kushikwa bega au kupapaswa kichwa, mbele ya wenzake na mlango ukiwa wazi. Mabinti watafarijiwa na mwalimu wa kike. Mlezi ataarifiwa siku hiyohiyo. Na mwanafunzi aliyefiwa hataombwa kusoma kabla mwalimu hajakaa naye. Mzee wetu mmoja hajaridhika. Asema tumeufungua mlango tulioufunga kwa shida. Hoja yake ina uzito, wala hatukuishinda kwa hoja. Tulipiga kura.

Siku hizi ustadhi huketi na mvulana yule mkekani kabla ya darasa. Juzi alimwuliza mama yake alikuwa akiwapikia nini siku za Ijumaa. Mtoto akajibu kwa marefu, hata somo likachelewa kuanza.