Kimbunga kipimwe, kisikisiwe

Ijumaa ya Mei 3, 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imeshawaambia wananchi kwamba mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwa ukizunguka mashariki ya pwani ya Mtwara sasa ni kimbunga kamili, na jina lake ni Hidaya. Kwa mwenye fremu Mtaa wa Kongo taarifa ile ilizaa swali moja: kesho tunafungua au hatufungui? Jumamosi ya Kariakoo si siku ya kuchezea. Wateja wa mikoani wanapakia mizigo, mawinga wako barabarani tangu asubuhi, na anayefunga duka anamwachia jirani mauzo yake.

Swali hilo hujibiwa na tarakimu moja, nayo ni kasi ya upepo. Tarakimu hiyo si ya kubahatisha, kwa sababu nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake, inapanda kwa mraba. Upepo wa kilomita 130 kwa saa unasukuma bati kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya upepo wa kilomita 90. Simama makutano ya Msimbazi na Uhuru utazame juu. Kuna maghorofa ambayo hayajaisha, na juu yake mirunda imefungwa kwa misumari na kamba, mbao za zege zimelazwa tu, mabati ya kuzungushia yameshikwa na waya. Kuna mabango, matangi ya maji, nyaya zilizosukana. Chini yake ni meza za Wamachinga na maturubai. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, bila upepo wowote. Eneo kama hili halina nafasi ya kukosea kwa kilomita 40.

Sasa tuulize tarakimu hiyo inatoka wapi. Wengi wanadhani kuna chombo kule baharini kilichoupima upepo. Mara nyingi hakuna. Katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kituo kinachofuatilia vimbunga kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kiko kisiwa cha Réunion, chini ya Météo-France. Wataalamu wake, kama wenzao wa TMA, wanakaa mbele ya picha za satelaiti na kutumia mbinu aliyoibuni Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Wanaangalia wingu limejikunja kiasi gani, jicho limefunguka au bado, vilele vya mawingu vina ubaridi gani. Umbo linapewa alama, kutoka 1 hadi 8, na alama inageuzwa kuwa kasi ya upepo. Mbinu hii imeokoa maisha ya watu wengi duniani na hatuidharau. Lakini ni sawa na kununua balo la mtumba kwa kusoma lebo: mzoefu hukisia vizuri, ila siku moja moja akilifungua anakuta mzigo mwingine kabisa.

Zipo pia satelaiti zinazosoma upepo juu ya maji kwa rada. Hizo hupita kwa saa zake, si kwa saa za kimbunga.

Siku hiyo moja moja, mzigo usipolingana na lebo, ndiyo inayotusumbua. Wataalamu wana jina la hali hiyo, kuimarika kwa ghafla, na wana kipimo chake: upepo wa kimbunga kuongezeka kwa angalau kilomita 55 kwa saa ndani ya saa 24. Hapo picha huwa nyuma ya ukweli. Moyo wa kimbunga unabadilika kabla umbo la mawingu ya juu halijaonyesha, na anayesoma wingu anatoa tarakimu ya saa kadhaa zilizopita. Pwani yetu imeliona jambo hili kwa karibu. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipewa jina Jumanne kikiwa kaskazini ya Madagaska. Jumatano kikapita Komoro. Alhamisi, Aprili 25, kikaingia Cabo Delgado kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, mahali ambapo mtu wa Mtwara anapafahamu kama kwa jirani, kama kilomita 200 tu kusini yake. Kati ya jina na kishindo zilipita siku mbili.

Marekani wana njia nyingine, na hawakuianza jana. Rubani Joseph Duckworth aliingiza ndege ndani ya kimbunga mwaka 1943, pwani ya Texas. Leo ndege za jeshi la akiba na za idara ya bahari na anga ya nchi hiyo huruka mpaka ndani ya jicho, kwa kawaida kwenye kimo cha kama kilomita 3, na kudondosha vifaa vinavyoitwa dropusondi. Kifaa chenyewe hakitishi. Ni bomba jepesi, uzito wake haufiki nusu kilo, lina parachuti ndogo kichwani. Ndani yake mna vihisio vya mgandamizo wa hewa, joto na unyevu, na kipokezi cha GPS. Mhudumu anakitumbukiza kwenye mrija uliopo sakafuni mwa ndege, nacho kinashuka kama dakika nne kikitikiswa na upepo uleule kinachoupima. Kila sehemu ya sekunde kinatuma kwa redio: niko hapa, nimesukumwa hivi, hewa iko hivi. Kisha kinazama. Hakuna anayekwenda kukitafuta.

Katika dakika hizo nne kinaleta kitu ambacho picha haina: upepo ulivyo kutoka angani mpaka karibu na uso wa maji, yaani pale penye mitumbwi na mapaa ya nyumba. Kikidondoshwa katikati ya jicho, kinaleta mgandamizo halisi wa hewa, na ukishuka kwa kasi kutoka safari moja ya ndege hadi nyingine, unajua kimbunga kinaimarika hata kama wingu limetulia.

Mfano ulio wazi zaidi ni Acapulco, Mexico, Oktoba 2023. Kimbunga Otis kilikuwa dhoruba ya kawaida, na makadirio yaliendelea kukiita hivyo. Ndege ya upimaji ilipofika ilikikuta kina nguvu kuliko picha zilivyosema, na tahadhari ikabadilishwa haraka. Usiku uleule kiliingia mjini kikiwa cha daraja la tano, la juu kabisa. Watu kadhaa walikufa na mahoteli ya pwani yalibaki mifupa ya zege. Ndege haikuwaokoa wote, kwa kuwa muda uliobaki ulikuwa mchache. Sasa jiulize hali ingekuwaje bila ndege hata hiyo moja. Jibu ni kwamba ingekuwa kama hapa kwetu.

Tutaambiwa Dar es Salaam haina vimbunga. Ni kweli kwamba tuko karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauzungushi hewa vizuri, na kwamba Madagaska inatukinga kwa kiasi. Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilielekea kwetu, jiji likaambiwa lijiandae, na kilipokaribia kikawa kimekwisha nguvu. Hidaya nacho kilipoteza nguvu kilipoingia Mafia usiku wa Mei 4, ingawa safari za boti za Unguja zilikuwa zimesitishwa na barabara ya Lindi ilikatika Somanga kwa mafuriko. Baada ya mara mbili hizo ni rahisi mtu kusema TMA wanatutisha bure.

Sisi hatusemi hivyo. Tunasema mamlaka iliyonyimwa kipimo haina budi kutaja hatari kubwa zaidi, na kila inapofanya hivyo kisha upepo usifike, imani ya wananchi inapungua. Kupima kungewasaidia TMA kwa pande zote mbili: kupaza sauti mapema kimbunga kinapokua, na kusema kwa uhakika kimedhoofika ili soko lifunguliwe. Tukumbuke pia kwamba mtu anayetegemea ikweta imlinde anasahau historia ya pwani hii. Aprili 15, 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mashamba ya karafuu, kiasi kwamba Pemba, iliyosalimika, ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 Lindi nayo ilipigwa. Wakati ule mwambao haukuwa na jiji la mamilioni ya watu, wala maghala ya bidhaa zinazosubiriwa Lubumbashi, Lusaka na Moroni.

Hoja ya pili ni fedha, na hiyo ni hoja ya kweli. Ndege za Wamarekani ni ghali na kazi yenyewe ni ya hatari. Oktoba 2025, Kimbunga Melissa kilipokuwa kinaikabili Jamaika, mtikisiko ulilazimisha baadhi ya safari zikatizwe, na dropusondi moja ilirekodi upepo wa kilomita 405 kwa saa kabla ya kutumbukia baharini. Hakuna anayeitaka Serikali ya Tanzania impeleke rubani wake mahali kama hapo.

Lakini si lazima kuingia ndani ya jicho. Taiwan imekuwa ikipeleka ndege kuzunguka vimbunga tangu 2003, ikidondosha vifaa kandokando yake kutoka juu sana, na data hizo zinaingizwa kwenye mifumo ya kompyuta inayotabiri njia na nguvu. Hong Kong, ambayo ni jiji moja tu, ilianza mwaka 2016 kwa kutumia ndege ya kikosi chake cha serikali cha uokoaji, ndege ambayo ilikuwa na kazi nyingine za kila siku. Huo ndio mfano wa kuiga. Ndege ya aina hiyo, inayofanya doria ya uvuvi na kutafuta waliopotea baharini mwaka mzima, inaweza kufungwa mrija wa kudondoshea na kompyuta ya kupokea data kabla ya msimu.

Wala isiwe ya Tanzania peke yake. Msumbiji walipata Idai na Kenneth ndani ya wiki sita mwaka 2019. Malawi ilizika mamia ya watu mwaka 2023 kwa sababu ya Freddy, kimbunga kilichodumu siku 36 na kuimarika kwa ghafla zaidi ya mara moja njiani. Mayotte ilisambaratishwa na Chido Desemba 14, 2024, na siku iliyofuata Chido kikawa Cabo Delgado. Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi, Kenya: nani kati ya hao hana haja? Ufaransa ina kituo Réunion na ina wananchi wake Mayotte. Gharama ikigawanywa kwa wote hawa haitamtisha mtu aliyewahi kuona hesabu ya kujenga upya daraja moja.

Wakati tunasubiri ndege, kuna mambo mawili yasiyohitaji hela nyingi. La kwanza, TMA itaje kiwango cha shaka. Badala ya "upepo wa kilomita 130 kwa saa" iseme "kati ya 110 na 150, na unaweza kuongezeka usiku." Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaishi na bei ya dola inayopanda na kushuka kila siku. Wanaelewa makadirio kuliko wanavyodhaniwa. TMA ina rada Dar es Salaam na Mtwara, na kimbunga kikiingia upeo wake waeleze wazi kwamba sasa wanakiona kwa chombo chao, si kwa picha ya mbali. Wananchi wanastahili kujua tofauti hiyo.

La pili, uongozi wa jiji uiambie Kariakoo mapema nani anatoa amri ya kufunga na kwa rangi gani ya tahadhari. Rangi ya chungwa ikitangazwa, mirunda na mbao zishushwe kwenye majengo yanayojengwa na mzigo utolewe kwenye stoo za chini ya ardhi, kwa kuwa Mto Msimbazi ukifurika Jangwani hauulizi kwanza kama upepo umefika. Nyekundu ikitangazwa, wote wafunge, mkubwa na mdogo, ili asiwepo anayekaa na meza yake kwa kuogopa jirani atauza.

Msimu wa vimbunga kwenye bahari yetu huhesabiwa kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 30. Hidaya kilikuja baada ya hapo, na Ialy kikafuata mwezi uleule kikielekea pwani ya Kenya na Somalia, kwa hiyo kalenda nayo isiaminiwe sana. Nchi za eneo hili zina kamati ya vimbunga chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na Tanzania ina kiti ndani yake. Safari ijayo ujumbe wetu uende na pendekezo lililoandikwa: ndege moja ya pamoja, viwanja vya kurukia, masanduku ya dropusondi, mgawanyo wa gharama, na jina la ofisi itakayoamuru iruke pindi jicho linapoanza kufunguka kaskazini ya Madagaska.