Kilo Kumi na Sita

Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na saba, alinijia nyumbani Leicester Jumamosi moja asubuhi na gari lake dogo la wazi, Mazda MX-5 ya mwaka 1990. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai akakunjua karatasi mezani. Ilikuwa orodha ya vitu alivyokwisha kuving'oa garini na alivyokusudia kuving'oa, kila kimoja na uzito wake, kama muuza duka anavyoandika madeni. Redio na spika, kilo 4. Zulia, kilo 6. Tairi la akiba na jeki, kilo 14. Mwisho kabisa, ule upinde wa chuma ulio nyuma ya viti, unaomkinga mtu kichwa gari likipinduka: kilo 16.

"Mjomba," akasema, "huu wa mwisho umefungwa kwa bolti ngumu. Naomba spana zako na saa mbili za mkono wako."

Nikampa chai ya pili, lakini spana sikumpa. Yeye akaondoka kanuna, nami nikabaki na maneno yamenikwama kooni. Insha hii ndiyo jibu ambalo siku ile sikuweza kulitoa kwa utulivu. Nimeiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote wanaomnong'oneza kwamba gari likiwa tupu ndilo zuri.

Kwanza nikiri upande wangu, asije msomaji akadhani mimi ni mzee anayeogopa mwendo. Mimi naupenda wepesi. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninaamini kwamba uzito ni adui mkubwa wa gari la michezo kuliko udogo wa injini. Hesabu yake haihitaji chuo. Gari hili lilipotoka mwaka 1989, Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Lilikuwa na kilo 940 na nguvu za farasi 120. Tukimwacha dereva kando, kila farasi alivuta kilo 7.8. Punguza sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 94, na kila farasi sasa atavuta kilo 7 na kidogo. Ukitaka kufika hapo hapo bila kupunguza kitu, itakubidi uongeze farasi 13 kwenye injini.

Tena farasi hao 13 watakufaa pale tu unapokanyaga mafuta. Kilo 94 ulizotoa zitakufaa ukikanyaga mafuta, ukishika breki, ukikata kona, na hata siku ya kulipia petroli. Breki za gari jepesi hazipati moto haraka. Tairi zake hazilemewi kwenye kona. Kwa hiyo wale wanaokimbilia turbo kabla hawajafungua buti kuona wamebeba nini, nao nawahesabu kuwa wamepotea. Anayeongeza nguvu ili abebe mzigo asiouhitaji ni kama hamali anayekula sahani mbili za wali ili abebe gunia la mchanga.

Basi mimi na mpwa wangu hatugombani juu ya kupunguza. Tunagombana juu ya kupunguza nini.

Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus aliyefariki mwaka 1982, ndiye anayetajwa zaidi na watu wa wepesi. Vijana humfanya kama mtume wa bisibisi. Hakuwa hivyo. Tazama Lotus Elan ya mwaka 1962, gari la wazi lililowavutia sana Wajapani walipobuni MX-5. Halikufika kilo 700. Lakini halikupata wepesi huo kwa kuchukua gari zito na kulinyonyoa manyoya. Uti wake wa mgongo ulikuwa bati la chuma lililokunjwa kwa akili, na mwili wake ulikuwa wa faiba. Wepesi ulikuwa kwenye karatasi ya mchoraji kabla gari halijakuwa gari.

Mazda nao walifuata njia hiyo. MX-5 ya kwanza ilipewa boneti ya alumini tangu kiwandani. Kizazi cha nne kilipotoka mwaka 2015, baada ya vizazi viwili kunenepa, wahandisi walirudi kutafuta gramu moja moja. Kizazi cha tatu kilikuwa na nati tano kwenye kila gurudumu, na hicho cha nne wakakirudishia nne. Toleo jepesi kabisa la soko la Japani likawa na kilo 990, pamoja na vifaa vya usalama ambavyo gari la 1989 halikuvijua. Huo ndio wepesi wa kujivunia: kuuliza kila kitu kina kazi gani, na kukifanya kazi hiyo hiyo kwa uzito mdogo zaidi. Wepesi wa mpwa wangu hauulizi swali hilo. Unauliza tu kipi kinafunguka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Siku ile, alipokwisha kunisomea orodha yake, nilitoka nje kulitazama gari. Limekalia rimu za inchi 17, nyeusi, zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilizipima nilipokuwa nikimsaidia kubadili tairi mwaka uliotangulia: kila moja ilikuwa kilo 10. Rimu za kiwandani za inchi 14, ambazo bado anazo kwenye kibanda chake bustanini, ni kama kilo 5 na nusu kila moja. Tofauti ni kilo 4 na nusu kwa gurudumu moja, kilo 18 kwa magurudumu manne, na hapo tairi zenyewe bado sijazihesabu.

Msomaji, tuliza macho kwenye hesabu hiyo. Kijana anataka kung'oa kilo 16 zinazokinga kichwa chake, huku amebeba kilo 18 za urembo.

Wala kilo za rimu si sawa na kilo nyingine. Gurudumu halibebwi na springi, bali linaruka na kila shimo la barabara. Likiwa zito, springi na shokapu hushindwa kulirudisha chini upesi, na tairi lisiloshika ardhi haliwezi kukata kona wala kufunga breki. Tena gurudumu huzunguka, kwa hiyo injini hulipia uzito wake mara mbili: mara moja kulisukuma mbele, mara ya pili kulizungusha. Mtu anayetaka gari jepesi kweli angeanzia hapo. Kisha angetazama betri, angetazama viti, na mwisho, kama mimi mwenye kilo 91, angejitazama kitambi. Lakini rimu zinaonekana, na upinde hauonekani mpaka siku ya shida. Ndiyo maana rimu zinabaki.

Wataniambia: mbona magari ya mashindano yanavuliwa kila kitu? Ni kweli, yanavuliwa zulia, redio, hita na bitana za milango. Lakini nenda kwenye mashindano ya MX-5 hapa Uingereza uone kama utaruhusiwa kuingia uwanjani bila chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka. Hutaruhusiwa. Watu wanaohesabu sekunde kwa sehemu za mia, wanaolia kwa kila gramu, huongeza chuma hicho wakilipa kwa fedha zao. Porsche nao walipotoa Boxster Spyder mwaka 2010, waliipunguzia kilo 80 ikilinganishwa na Boxster S. Waliondoa redio na kiyoyozi, isipokuwa mteja akiviomba, na vishikio vya ndani vya milango wakaweka vitanzi vya kitambaa. Vyuma vya nyuma ya vichwa vya abiria walivibakiza pale pale. Lotus Elise ya mwaka 1996, yenye chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na uzito wa kilo 700 na ushei, nayo ilikuwa na upinde wake.

Gari lenye paa, paa hilo hubeba sehemu ya mshtuko linapopinduka. Gari la wazi halina kitu juu ila turubai na kioo cha mbele. Kumwondolea mtu upinde katika gari la namna hiyo ni kumwambia shingo yako sasa ndiyo nguzo ya nyumba.

Hata huyo Chapman wanayemwapia, somo lake lina ukurasa wa pili wasioufungua. Katika Lotus 72, gari la mashindano la mwaka 1970, breki za mbele zilihamishwa kutoka kwenye magurudumu zikawekwa ndani ya mwili wa gari, zikiunganishwa kwa shafti, ili kupunguza ule uzito usiobebwa na springi. Lilikuwa wazo la werevu. Tarehe 5 Septemba 1970 huko Monza, Jochen Rindt aliacha njia alipokuwa akifunga breki. Lawama iliiangukia shafti ya breki ya mbele iliyovunjika, na kingo za barabara zilizofungwa vibaya zikamaliza kazi. Alitawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini, na hadi leo hakuna mwingine aliyetawazwa hivyo. Pale hapakuwa na mjinga hata mmoja. Ikiwa wajuzi wa kiwango kile waliweza kukosea mahali pa kupunguza, sisi wenye mizani ya bafuni twende polepole.

Sasa niseme jambo ambalo mpwa wangu hajapata kulisikia kwangu.

Mwaka 1998 nilikuwa na gari kama lake. Nililinunua likiwa na upinde, nami nikauondoa kwa mikono yangu, kwa sababu niliona unaharibu sura na kuongeza uzito. Novemba ya mwaka huo, katika barabara nyembamba ya Wales, mvua ikinyesha, gari liliteleza, likazunguka, likaingia mtaroni miguu juu. Fremu ya kioo cha mbele ililala chini kama mkeka. Kilichoniokoa ni kina cha mtaro tu: kiliacha nafasi ya kiasi cha kichwa changu. Mkulima mmoja alinitoa kwa trekta. Tangu siku hiyo shingo yangu haigeuki vizuri. Nikimaliza sala, salamu ya kulia naitoa kwa mabega.

Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Dada yangu alikuwa afuatane nami safari ile, akabaki kwa sababu mwanawe mchanga aliamka na homa. Mtaro ule upande wa abiria haukuwa na kina. Kiti kile kilikandamizwa mpaka sakafuni.

Mtoto huyo mwenye homa ndiye anayeomba spana zangu.

Basi mwanangu, njoo Jumamosi. Zilete zile rimu za inchi 14 kutoka kibandani, na nusu siku nitakupa badala ya saa mbili. Tutafunga magurudumu mepesi, tutatafuta betri ndogo, na redio ibaki au itoke, shauri yako. Utaona mwenyewe kwenye kona ya kwanza. Ila bolti za upinde tutazigusa kwa jambo moja tu: kuhakikisha zimekaza.