Mambo ya Nyumbani: Ndoa Isiyojaliwa Mtoto



Mwezi huu twanena habari ya ndoa isiyojaliwa mtoto, maana katika vijiji vya Bukoba na Muleba jambo hili huvunja nyumba kimyakimya. Miaka miwili ikipita baada ya arusi, wazee wa ukoo huanza kuuliza: Ni nani atakayerithi kibanja? Nani atatunza makaburi ya babu zetu yaliyo migombani? Mke huitwa mgumba, na mume hushauriwa aongeze mke wa pili, au azae nje kwa siri.

Basi, Kanisa lafundisha nini? Wengi hudhani ya kuwa ndoa ni kuzaa tu. Sivyo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa peke yake. Hata watoto wakikosekana, yadumu na thamani yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yasema kuwa utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi, isipokuwa mmoja alimficha mwenzake kwa hila ili akubaliwe. Nayo Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, yakataza ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani isigeuzwe kuwa ya mitala, maadamu wote wawili wangali Wakristo.

Labda mtu atasema: Je, Ibrahimu hakumtwaa Hajiri? Alimtwaa, tena kwa shauri la Sara mwenyewe. Lakini someni mbele: wivu uliingia nyumbani, na mama na mwanawe wakafukuzwa jangwani. Watazameni Zakaria na Elisabeti. Luka awaita wenye haki mbele za Mungu kabla Yohana hajazaliwa. Haki yao haikungoja mtoto.

Tena, kumhukumu mke peke yake ni dhuluma. Waganga wa hospitali wajua kuwa mara nyingi kasoro i kwa mume, au kwa wote wawili. Kisonono kisipotibiwa chaweza kuziba mirija ya uzazi ya mke na kuharibu uzazi wa mume. Naye atokaye nje kutafuta mtoto aweza kurudi na maradhi. Sisi wa Kagera twalijua hilo, kwa kuwa hapa ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa, mwaka 1983.

Msiba ule uliacha mayatima wengi, na nyumba nyingi zikalea watoto zisiowazaa. Wahenga walisema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yaonyesha njia ya kuasili mtoto mbele ya mahakama.

Kwa hiyo, mume, nenda hospitali pamoja na mkeo, usimtume peke yake. Mama mkwe, uzuie ulimi wako. Nawe mwalimu, ufundishapo wachumba, waulize kabla ya arusi: Mtoto asipokuja, mtafanyaje? Ni heri wajibu wakiwa wawili mbele yako, kuliko ukoo uwajibie baadaye.

Neema ya Mungu ikae katika nyumba zenu, zenye watoto na zisizo nao.