MBAO AU FAIBA?

Vipi msomaji wangu wa Busawe, bado unayo ile ndoto ya kuuza ng'ombe wawili ushuke Musoma ukanunue mtumbwi? Poa, lakini usikurupuke!

Siku hizi gumzo ni faiba, hasa baada ya Rais Samia kukabidhi boti za kisasa pale Mwanza, Januari 2024. Kweli ni nyepesi, haiozi, na haili mafuta mengi. Ila mawimbi ya Ziwa Viktoria ni mafupi na yanafuatana harakaharaka, si kama yale marefu ya baharini. Chombo chepesi kinarushwarushwa, jioni mgongo ndio unaojua. Cha mbao ni kizito, kinalikata wimbi taratibu. Kikivuja, fundi wa mwaloni anaziba kwa pamba siku hiyohiyo. Faiba ikipasuka, na Musoma mawe ni bwelele, ukatafute gundi yake maalumu na fundi anayeijua.

Mbao nazo bwana! Misumari inashika kutu, kila asubuhi unachota maji kwa kopo.

Mimi ningeanza na mbao. Lakini pesa ya jaketi la kuokolea usiiguse, hata kama unajisifu ulishavuka Mto Mara mbele ya mamba.